Mjomba wa Mwalimu Wakoli

Nekesa alikuwa ashavuka geti, mkoba mgongoni na sweta kiunoni, na bado kidole cha Mwalimu Wakoli kilikuwa kinamsukuma kwa nyuma.

“Nenda! Na usirudi bila mzazi. Si jirani, si dada wa kanisani. Mzazi!”

Kosa lake lilikuwa koo. Msichana huyu alikuwa na koo la kasuku. Jana yake alijibanza nyuma ya dirisha la darasa lake, kidato cha tatu, akatoa sauti ya Mwalimu Wakoli mwenyewe, naibu wa mkuu wa shule, pamoja na lile guno lake la kabla ya kila amri: “Khm! Nendeni nyumbani. Mwalimu wa hesabu amepata mapacha.” Darasa likatoka mbio. Mwalimu wa hesabu, kapera wa miaka na miaka, akakuta madawati matupu na pongezi ubaoni.

Sasa mzazi atoke wapi? Baba alikuwa kazini Mombasa. Mama yake, Millicent, muuza mboga wa Kayole, alikuwa amekwisha kuapa: “Nikiitwa huko shuleni tena, hata iwe ni kupewa zawadi, siku hiyo hiyo unapanda basi la Bungoma, ukamalizie masomo kwa nyanyako.” Nekesa Bungoma aliijua kwa mazishi tu. Alikokulia ni mitaa ya Umoja na Kayole, na bata bukini wa nyanya walikuwa wanamfukuza mpaka chooni.

Akaenda moja kwa moja mtaa wa Mowlem, kwa Bedan, muuza makoti ya mitumba, mtu wa Murang'a mwenye kitambi cha mzazi hasa.

“Mzee Bedan, niaje. Nataka unizae.”

“Lini?”

“Kesho asubuhi, kabla ya paredi.”

Bedan akakuna kidevu. “Wewe Nekesa Mbukusu, mimi Mkikuyu. Wataniuliza nilikuokota wapi.”

“Wewe usiongee. Ukiulizwa kitu, kohoa. Nitasema una kifua.”

Wakapatana: Jumamosi Nekesa atamwitia wateja kibandani, kwa sauti za wakubwa.

Asubuhi Bedan akaingia ofisini na koti refu la kijivu, kola imesimama kama ya askofu.

“Karibu mzee. Umesikia alichofanya msichana wako?”

Bedan akakohoa.

“Na jina lako nani?”

Akakohoa mpaka kalamu ikabingirika mezani.

“Ni kifua, mwalimu,” Nekesa akasema.

Basi, Wakoli ni Mbukusu, na Mbukusu umnyime jina, bado atakuuliza ukoo. “Pole sana. Niambie tu, nyinyi ni ukoo gani?”

Makohozi yalikuwa yameisha. Bedan akatema neno moja tu la Kibukusu alilolijua, alilolisikia kwa wateja wakichangia mazishi. “Babuya.”

Mwalimu Wakoli alisimama, kiti kikaanguka. “Babuya! Mama yangu mzazi ni wa Babuya! Khocha! Mjomba wangu!”

Na kwao mjomba si mtu wa mchezo. Akikununia, hata mahindi yanakataa kuota. Wakoli akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaita walimu wote waje wamwamkue.

Bedan alikuwa hajawahi kuamkuliwa na watu wenye digrii. Kikohozi kikapona.

“Mtoto arudi darasani.”

“Sasa hivi, mjomba.”

“Na chai.”

“Chai, mjomba.”

“Na mkate. Mimi niko hapo Mowlem, ukinitaka.”

Kwao pia binti wa mjomba ni mama. Kwa hivyo mchana Wakoli akaingia kidato cha tatu akasema kwa unyenyekevu, “Mama, hebu tusomee aya ya pili.” Darasa likalala chini kwa kicheko.

Jumamosi Wakoli akabeba jogoo kwapani kumpelekea mjomba wake. Kabla hajafika kibandani akasikia sauti yake mwenyewe inanadi: “Khm! Makoti! Makoti ya watu wa heshima! Kidato chote, njooni mjaribu!” Na pembeni mjomba wa Babuya anabishana na mteja kwa Kikuyu kinachotiririka, bila hata chafya.

“Nekesa!” Wakoli akafoka. “Leo hii naenda kwa mamako!”

Nekesa aliona bata bukini wanakuja. Kwa woga koo likajiendea lenyewe: “Khm! Mwalimu Wakoli, rudi nyumbani.”

Na miguu ya Wakoli ikageuka. Ilikuwa imezoea kutii sauti hiyo. Alipojishtukia, Bedan alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa koti.

“Mwalimu, twende wote kwa Millicent. Na tumweleze pia nani alinipa kiti, na nani anamwita bintiye mama.”

Wakoli akatazama huku, akatazama kule. Wateja walikuwa wamesogea wasikie. Akakaa kwenye gunia.

Nekesa alimaliza kidato cha nne hapo hapo Umoja, na Bungoma bado anaijua kwa mazishi. Millicent anauza mboga Kayole na hajaambiwa kitu mpaka leo. Mwalimu Wakoli yuko kazini. Ukoo hamuulizi mtu tena. Mwalimu wa hesabu alioa, akapata mtoto mmoja. Bedan walimchagua mwenyekiti wa wazazi, na kila mkutano anakohoa tu. Jogoo alipikwa pale kibandani siku ile ile, na firigisi akala mjomba.