"May" ya Ukutani

Tangazo lilibandikwa juu ya pipa la maji: kila saa mfanyakazi "may", yaani akitaka anaweza, kunywa maji na kupumzika dakika kumi. Ghala letu liko Irving, huku ugenini, karibu na uwanja wa ndege, na mwezi wa Agosti ndani ya matrela ya mizigo hapakaliki kwa joto.

Jumanne Zéphyrin alizimia humo. Muda mfupi kabla, nilikuwa nimemwambia, "Papa Zéphyrin, toka unywe maji."

Akacheka. "Aa, dada Lydiah, niko bien, mzima. Si walisema ukitaka? Nitake nini, mimi mtoto?"

Ndivyo walivyolelewa wazee wangu hawa wa Kivu. Wakaribishe chakula mara moja, watasema wameshiba, hata kama hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Na mimi, mkalimani wao, ndiye niliyewasomea tangazo lile siku ya kwanza: "Mnaweza kunywa maji, mkitaka." Nilitafsiri sawasawa. Nusura nimuue mtu kwa usahihi.

Jumatano meneja alitukusanya. Zéphyrin alikuwa bado hospitalini.

"Waambie hakuna aliyemzuia," akaniagiza. "Karatasi inasema 'may'. Uamuzi ulikuwa wake."

Nikatazama matangazo ukutani. Tangazo la viatu vya kazi lilisema "must", lazima. La kuwahi kazini, "must". Maji peke yake ndiyo yaliyopewa "may".

Nikawageukia watu. "Kila saa lazima mtoke, mnywe maji, mkae dakika kumi."

Mama Clothilde akashusha boksi lake. "Lazima ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Sasa si wangesema!"

Wakapanga foleni kwenye pipa, wote arobaini. Mkanda wa mizigo ukabaki unazunguka mtupu. Hapo meneja hakuhitaji mkalimani.

Ofisini kwa meneja nilimkuta Fiona wa utumishi, Mkenya mwenzangu, ameshaandaa barua.

"Weka sahihi tu, mdogo wangu. Ulikosea kutafsiri, unaomba msamaha, kazi inabaki. Mkalimani haongezi neno, unajua."

"Dada Fiona, nilikosea siku ya kwanza. Jana nililiona kosa langu likibebwa kwenye machela."

Meneja akagonga meza. Lazima niombe msamaha, alisema, na safari hii alitumia "must".

Nikamrudishia Fiona barua yake bila sahihi. "Zéphyrin nimeshamwomba radhi jana usiku, kitandani kwake hospitalini. Ninyi siwaombi."