Ngozi ya Mbuzi kwenye Bunduki ya Baba

Fundi Turki alizitawanya sehemu za bunduki mezani kama mtu anayechambua samaki waliooza. Mtutu huku, bolti kule. Ule ubao mrefu unaokaa chini ya mtutu akautupa sakafuni.

"Chuma ni cha jeshi la Kiingereza, sina neno. Ubao ni wa kuokoteza. Nitatia mpya."

Bi Rumaitha aliinama, magoti yakamlia, akauokota. Ametoka Ibra mpaka soko la Nizwa kwa ajili ya ubao huo. Zamani, kwenye razha, ile ngoma ya silaha ya Idi, baba yake aliirusha bunduki hii juu kama wachezavyo wanaume, ikamponyoka, ubao ukapasuka. Mama yake, Mpemba, akaufunga kwa ngozi mbichi ya mbuzi, akaishona mshono wa mkeka. Ngozi ilipokauka ikabana kama pingu. Kazi nyingine zote za mkono wa mama zimekwisha. Imebaki hiyo.

"Mwanangu, huu ndio ubao wake."

"Nani kasema? Sehemu za asili zote zina namba ile ile. Mtutu unayo, bolti inayo. Wako una mbuzi! Nenda kapikie supu."

Thuwaini, mdogo wake aliyemleta kwa gari, akaangua kicheko. "Mwachie, dada. Idi hii nataka kucheza na kitu kinachong'aa."

"Wewe nyamaza! Kurusha kwenyewe hujui, utamtoa mtu jicho." Akamgeukia fundi. "Namba iko chini ya ngozi. Niliiona mama akishona."

"Haya, kata." Turki akamsukumia kisu. "Isipokuwapo, ubao nautia motoni."

Bi Rumaitha aliukamata ule mshono kwa vidole, akakaa nao kidogo. Kisha akakata, uzi mmoja mmoja. Ngozi ikabanduka na vumbi.

"Soma."

Turki akasoma ubao, akasoma mtutu, akarudia ubao. Namba ile ile. Sauti ikalainika. "Bibi, wa asili khasa. Niachie, nitaugundisha vizuri..."

"Huugundishi. Umenikatisha mshono wa mama yangu, utaushona wewe." Akavuta kigoda, akakaa mlangoni, hapana wa kutoka wala kuingia ila kwa idhini yake. "Leo Ijumaa, mbuzi wanauzwa hapo nyuma. Thuwaini, kanunue mmoja, uchinje, ulete ngozi mbichi."

"Mbuzi mzima, dada?"

"Mzima. Supu atakunywa fundi. Na kila atakapokosea mshono, nitafumua."