Sifuri Sitini na Moja

Saa tatu kamili asubuhi, katika chumba cha wanafunzi wa uzamili, ghorofa ya pili ya idara ya tabianchi na mazingira, binti wa mpima mvua alifungua daftari la kwanza la marehemu baba yake, na mvua ikanyesha juu ya meza. Haikuwa kubwa. Ilianzia darini, karibu na taa, na ikaheshimu kingo za meza. Fundi wa maabara, aliyekuwa amekuja kudai kikombe chake, alichomoa waya wa printa ukutani, akasogeza kompyuta, kisha akaenda kuleta kipimamvua.

"Kiweke katikati," alisema. "Pembeni hudanganya."

Waliisubiri ikatike. Ilipokatika walimimina maji kwenye kioo chembamba chenye mistari, wakainama wote wawili mpaka macho yakawa sawa na maji, wakasoma milimita nne nukta mbili. Kwenye ukurasa, kwa mwandiko wa baba ulioipa kila mbili mkia mrefu, ilikuwa imeandikwa nne nukta mbili.

"Mzee alikuwa na jicho," fundi alisema, akaenda kutafuta ndoo.

Madaftari yalikuwa kumi na tisa, moja kwa kila mwaka, yamefungwa kwenye pazia kuukuu. Kwa miaka hiyo yote baba alisoma kipimamvua cha kituo kidogo nyuma ya shule ya msingi, kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili zikiwemo. Asubuhi aliyozaliwa binti yake alimwacha mkewe wodini, akakimbia kusoma kipimo, akarudi mtoto ameshafika. Mama hakumsamehe, ila kila mgeni aliyeingia nyumbani alisimuliwa habari hiyo, tena kwa majivuno.

Habari za meza ile zilienea idarani kabla ya chakula cha mchana. Mama wa usafi alisema hana neno na mvua, anachotaka ni kuarifiwa mapema. Katibu muhtasi, ambaye alikulia mtaa wa pili kutoka kituoni, alikuja kuomba mvua ya siku ya harusi yake. Ukurasa wa tarehe ile ulipofunguliwa haukutoa hata tone.

"Haiwezekani," alisema. "Ilinyesha mpaka viatu vikaniachia rangi miguuni."

"Mvua ya leo huandikwa kesho, dada," binti alisema. "Kipimo husomwa saa tatu, kwa hiyo harusi yako iko ukurasa unaofuata."

Aliufungua. Katibu muhtasi alisimama amekinga kiganja mpaka ilipokatika, akafuta mkono kwenye sketi, akasema viatu vile bado anavyo. Kisha akarudi kupiga mihuri yake.

Binti mwenyewe alikuwa na kurasa zake. Asubuhi nyingine, kabla ya kuanza kazi, alifungua siku moja ya darasa la tatu, ikashuka ile mvua nyepesi iliyonukia vumbi lililolowa na madaftari yaliyofunikwa kwa magazeti. Siku hiyo alikwenda kituoni na baba chini ya koti moja. Baba alimwachia ashike kile kioo, akamwambia, "Usiseme unachotaka kukiona. Sema kilichomo." Alilifunga daftari mvua ikiwa katikati.

Baba alikuwa na somo jingine, na hilo alilirudia mpaka likachosha nyumba nzima. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri, nukta, sifuri. Siku ambayo msomaji hakwenda kituoni, anachora mstari. Sifuri maana yake nilikwenda, nikaangalia, hakuna. Mstari maana yake sikwenda. Katika madaftari kumi na tisa hapakuwa na mstari hata mmoja.

Lakini daftari la kumi na tisa lilikuwa na sifuri sitini na moja mfululizo, tena katika miezi ya masika. Mwaka ule baba alituma fomu makao makuu kama kawaida. Huko, mtu mmoja aliyekaa mezani alizitazama sifuri zile, akaona masika kavu ni jambo lisilowezekana, akahitimisha kwamba msomaji alilala nyumbani. Alichukua wastani wa miaka kumi iliyotangulia, akaandika milimita themanini na nne kwa miezi yote miwili. Na kwa kuwa kwenye karatasi mvua ilinyesha, malori ya chakula yalipelekwa kwingine. Watu wa bondeni walizika watoto na wazee, na walipouliza kwa nini hawakuletewa chochote, walijibiwa kwamba msomaji wao alikuwa mzembe na vipimo vyake havikuaminika. Baba aliachishwa kazi. Mtaa ukambandika jina la Mzee Sifuri. Jina lile lilimfuata mpaka kaburini. Siku ya maziko mtu mmoja alilitamka kwa bahati mbaya, na hakuna aliyemsahihisha.

Ndiyo maana binti yake alisomea hali ya hewa, ingawa kwenye barua ya maombi aliandika sababu nyingine.

Alifungua siku ya kwanza ya sifuri zile saa tatu asubuhi. Jua lilishuka juu ya meza. Kalamu zililainika, ua la jirani yake wa dawati likajikunja, na chumba kikanuka njia ya vumbi. Alifungua siku zote sitini na moja, mbili kila asubuhi ili wenzake wasiungue, na kila siku ilitoa jua lake. Kisha alikwenda maktaba akaazima kitabu cha takwimu rasmi, kile kizito chenye jalada gumu. Kurasa za miaka mingine zilinyesha vizuri, maana zilinakiliwa kutoka kwenye fomu za baba. Kurasa za miezi miwili ile hazikutoa mvua wala jua. Zilikuwa karatasi.

Aliyaandika yote katika sura ya nne, na jedwali akaliweka ukurasa wa arobaini na saba.

Siku ya kutetea tasnifu, jopo lilikuja na miamvuli. Msimamizi wake, profesa mpole aliyemfundisha mihula minne na kumkopesha vitabu vyake mwenyewe, alikaa mwisho wa meza. Binti alifungua daftari, ikanyesha. Akafungua sifuri, likawaka jua, na mjumbe mmoja akavua koti. Akafungua kitabu cha makao makuu, na jopo likatazama kipimamvua kitupu kwa dakika kumi.

"Nina hakika mzee alisoma," mwenyekiti wa jopo alisema mwishowe. "Kuna mwenye shaka?"

Hakuna aliyekuwa na shaka.

"Basi tatizo ni moja," mwenyekiti aliendelea. "Hizi si takwimu rasmi."

Msimamizi alikunja mwamvuli wake polepole. "Binti yangu, themanini na nne imo katika kila kitu. Bwawa lilijengwa kwa hiyo. Ramani za mafuriko zimechorwa kwa hiyo. Hata udaktari wangu mimi umesimama juu yake. Ukiing'oa, tutaanzia wapi?"

"Tungeanzia kwenye sifuri, profesa."

Wajumbe wawili walicheka kidogo, kwa wema. Akafaulu, kwa masharti ya masahihisho madogo: katika jedwali la ukurasa wa arobaini na saba atumie takwimu rasmi. Alipewa wiki mbili. Mama wa usafi aliingia kukausha sakafu, akampongeza.

Siku kumi na tatu hakugusa kitu. Alifikiria kugoma, akafikiria mama aliyelima na kuuza mazao ili yeye asome, akafikiria barua ya kazi iliyokuwa ikisubiri cheti. Siku ya kumi na nne alifuta sifuri sitini na moja, akaandika themanini na nne. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Alijionea aibu, na aibu hiyo haikumtoka.

Alirudi nyumbani na madaftari, kipimamvua na kioo chake alivyopewa na fundi, na tasnifu yenye jalada la buluu na herufi za dhahabu. Mama aliyapanga madaftari kwenye rafu ya vyombo. Tangu hapo, kila asubuhi saa tatu, alitega beseni mezani na kufungua siku moja. Hakufuata mpangilio. Siku nyingine alichagua mvua ya mwaka wa kwanza wa ndoa, akakaa nayo na chai yake, akicheka peke yake. Aliishi na mwandiko wa mumewe zaidi kuliko alivyopata kuishi na mumewe mwenyewe, ambaye kila asubuhi alikuwa kituoni. Naye alianzisha daftari la ishirini. Alipima kila kilichoshuka na kukiandika.

Tasnifu hakuigusa siku tatu. Siku ya nne alinawa mikono, akaikausha kwa kanga, akaiweka mezani.

"Baba yako yuko ukurasa gani?"

"Yuko kwenye shukrani, mama. Na arobaini na saba."

Mama alifungua arobaini na saba. Alishusha kidole kwenye safu mpaka kwenye miezi miwili ile, akakiacha hapo.

"Hii themanini na nne ni ya nani?"

"Ya ofisi."

"Na hiki kitabu ni cha nani?"

"Changu, mama."

Mama aliitazama saa ya ukutani, ilikuwa tatu kasoro dakika moja. Akaweka kipimamvua katikati ya ukurasa, akavuta kiti. Walikaa pande mbili za meza kama watu wanaosubiri majibu hospitalini. Saa tatu ikapita. Nusu saa ikapita. Nje jirani alianika nguo na kuita kuku wake. Ukurasa haukutoa mvua, haukutoa jua.

Mama alikimimina kipimamvua kwenye kioo, ingawa hakikuwa na kitu, akakiinua sawa na macho jinsi mumewe alivyokuwa akifanya. Kisha akafungua daftari la ishirini, akashika kalamu.

"Niandike nini? Nichore mstari?"

"Hapana," binti alisema. "Tumekwenda, tumeangalia."

Mama akaandika sifuri, nukta, sifuri. Pembeni, palipoachwa nafasi ya jina la msomaji, akampa binti yake kalamu, aweke sahihi.