Kikomo cha Löyly

Jiko la sauna lilipojizima lenyewe kwa mara ya tatu, Irmeli Haapakoski alikuwa amekaa benchi la juu, uchi kama alivyozaliwa, na tusi alilolitoa jirani wa ghorofa ya nne anaapa alilisikia likipanda kwenye bomba la maji.

Jengo lao lilikuwa mtaa wa Pispala, mjini Tampere nchini Ufini, juu ya ule mgongo wa kilima baina ya maziwa mawili, na sauna yake, chumba cha kuogea joto na mvuke, ilikuwa chini kabisa, ikitumiwa kwa zamu, kila nyumba na saa yake. Zamu ya sauna si kitu cha mchezo. Wapo watu walioachana wakagawana watoto kwa amani, kisha wakapelekana mahakamani kwa ajili ya zamu ya Jumamosi. Irmeli, fundi mstaafu wa redio za melini na mwenyekiti wa jengo, ndiye mwenye Jumamosi jioni, na asingeiachia hata angeombwa na malaika aliyepiga magoti.

Mkosaji alijulikana. Kampuni iliyosimamia jengo ilikuwa imeweka programu ya uangalizi, mlinzi asiyelala wala kuomba chai, mwenye kutazama mabomba, lifti na joto la vyumba. Jiko la sauna nalo likaunganishwa. Kila mara lilituma taarifa yake kwa XML, yaani kila namba imefungwa kati ya vibandiko viwili vyenye jina lake, na namba ya joto iliitwa "lampo". Tatizo ni kwamba programu haijui sauna ni nini. Lazima mtu aielekeze: jina hili la jiko, liweke kwenye kigeu kile cha kwako, kijaluba chenye jina ambamo namba hukaa. Mafundi wa kampuni, kwa haraka zao, wakaimimina "lampo" kwenye kijaluba cha kwanza walichokiona: Joto la Chumba. Na chumba, kwa akili ya programu, kikifika nyuzi arobaini kinaungua. Basi kila sauna ilipotaka kunoga, programu ilikata umeme, na ilikata kwa huruma kabisa.

Wengine walilalamika. Veikko Lampila wa ghorofa ya pili hakulalamika. Ijumaa, zamu yake, aliteremka na mfuko wa mustikka, vitunda vya zambarau vya porini, zilizogandishwa, akautundika kwenye kipimajoto cha ukutani, kile kilicholisomea jiko "lampo". Programu ikaona chumba baridi, ikatulia. Jiko likawaka, likawaka, likawaka. Veikko anasimulia kwamba misumari ya benchi ilichomoka yenyewe ikaenda kutafuta hewa. Halafu mfuko ukapasuka, maji ya matunda yakamwagikia mawe, na mvuke wa zambarau ukamtoa Veikko nje akiwa na rangi ya joho la askofu. Nyuma yake pembe ya benchi la juu iligeuka mkaa.

Jumatatu akaja Henriikka Pöyry, meneja wa kampuni, mwanamke mpole wa sauti ambaye maneno yake hayakuwa na upole wowote.

"Bi Irmeli, sauna inafungwa. Moja kwa moja. Hapa patakuwa stoo ya baiskeli."

"Baiskeli!" Irmeli alishika kiuno. "Baiskeli ndiyo itanikanda mgongo wangu Jumamosi?"

"Watu wametundika matunda kwenye kipimajoto."

"Watu gani? Ni Veikko. Na Veikko ni mpumbavu, hilo mimi na wewe hatubishani. Lakini sauna haifungwi kwa sababu ya mpumbavu mmoja. Ingekuwa hivyo, nchi nzima ingebaki na sauna tatu."

"Nakusikia, Irmeli," alisema Veikko kutoka mlangoni, masikio yake bado ya zambarau.

"Nimesema ili usikie, mzee."

Irmeli akaketi kwenye kompyuta ya chumba cha kuvulia nguo. Ufunguo wa kuingia kwenye mipangilio alikuwa nao, kwa cheo chake. Akaing'oa "lampo" kutoka Joto la Chumba. Akafungua kigeu kipya, cha kujitungia, akakiita Löyly, jina la ule mvuke unaonyanyuka maji yakigusa mawe, ambao Mfini akiukosa wiki mbili huanza kusalimia miti. Kushoto "lampo", kulia Löyly. Kisha akachukua jina la pili ambalo mafundi hawakuligusa, la kipimajoto kilichomo ndani ya jiko lenyewe, ambako mkono wa mtu hauwezi kutundika kitu, akalitungia kigeu chake pia. Akakiita Veikko.

"Huruhusiwi!" Henriikka alisema. "Kampuni inakubali vigeu vya kawaida tu. Vya kujitungia ni marufuku."

"Basi nimevitunga marufuku."

Lakini programu ikakataa kuhifadhi vigeu vipya; "lampo" ilikuwa imeshang'oka, na jiko sasa halikuwa na wa kulizima. Ilitaka kwanza kikomo: kuanzia nyuzi ngapi ni hatari?

"Andika sitini," alisema Henriikka. "Mwongozo unasema juu ya sitini hakuna kiumbe hai anayetakiwa kuwemo."

"Sitini ni supu ya njegere, mwanangu. Mimi nimekaa kwenye mia, na niko hai hapa nakusumbua."

"Wewe si kipimo."

"Basi kipimo kiwe wewe. Ingia nami. Pale patakapokushinda ndipo tutakapoandika. Ukitoka kwenye sitini, naandika sitini, na baiskeli ya kwanza humu itakuwa yangu. Ila nikikutangulia kutoka mimi, ufunge leo hii."

"Usikubali, dada," alinong'ona Veikko. "Huyo ana ngozi ya kiboko."

Henriikka aliiweka simu yake kando ya kompyuta. Kisha akavua saa ya mkononi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye aliendelea kuvua.

Wakakaa benchi la juu, kila mmoja na kitaulo chake cha kukalia, pembe nyeusi katikati yao. Kwenye sitini Henriikka aliuliza kama jiko limewashwa kweli. Kwenye themanini akachukua kata, akamwaga maji mwenyewe, na desturi ni moja: anayemwaga hatoki mpaka mvuke umtulie. Irmeli akahisi masikio yake yanakunjamana kama majani makavu. Kwenye tisini Henriikka akamwaga tena. Irmeli aliona nyota, akaona meli, akamwona hata nahodha akimpungia mkono. Lakini kusogea hakusogea. Alifikiria baiskeli, akang'ata taulo.

Simu ikalia nje. Veikko akagonga mlango. "Henriikka! Ni ofisi kuu! Programu inawaambia jiko halina kikomo!"

"Waambie niko mkutanoni!"

Irmeli akageuka polepole. "Mwanangu, umelelewa wapi wewe?"

"Kainuu, mashambani. Sauna ya moshi, isiyo na dohani. Mama yangu alizaliwa humo."

"Na bado unataka kuifunga hii?"

Henriikka akajifuta uso. "Moto ukitokea, jina litakaloulizwa ni langu. Si la Veikko, si lako. Ningefanyaje?"

Irmeli akamsogezea kata.

Henriikka akamwaga kata ya mwisho. Mvuke ukapanda, ukawapiga mabega. Akahesabu pumzi, akatikisa kichwa. "Mia na tano. Hapa hata mama alikuwa anatufukuza." Akashuka. Irmeli akamfuata akijishikilia ukutani.

Wakasimama nje kwenye theluji, wakifuka kama sufuria mbili. Waliporudi ndani Henriikka akaandika: Löyly, mia na tano. Kwenye kigeu cha Veikko akaweka kikomo kikali kisichojadiliwa: kikifikiwa, jiko linazimwa, na haliwaki tena mpaka meneja aje. Akabonyeza hifadhi.

Simu ililia tena. Sauti ya mkubwa wake ilisikika chumba kizima: nani ameingiza vigeu vya kujitungia?

Irmeli alinyoosha mkono aichukue simu, aseme ni yeye. Henriikka akaihamishia sikio la pili.

"Mimi," alisema. "Ndiyo, kwa jina langu. Hapana, sitavifuta. Mkitaka kuvifuta njooni wenyewe. Lakini njooni Jumamosi, na mje na taulo, maana humu hatujadiliani na mtu aliyevaa nguo."