Unga Juu ya Mstari

Mama mkwe wangu, Mama Emerensiana, aliushika unga wa muhogo kiganjani kama mtu aliyeshika kifaranga, akauachia kidogo kidogo kutoka ukingo mmoja wa uwanja hadi wa pili. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Sikuhitaji kusogea ili nisikie. Alikuwa akimtaja Edmund, mwanawe, mume wangu, aliyetutoka mwaka jana kwa homa iliyokuja kama mgeni wa usiku mmoja na kuondoka na mwenye nyumba.

Asubuhi ile ndugu walikuwa wamemaliza tanga. Nilivuliwa kitambaa cheusi, nikajisikia mwepesi kwa namna isiyopendeza, kama kuku aliyenyonyolewa. Mama akasema limebaki jambo moja tu: vijana wetu wa Liuli washinde mchezo wa Edmund, ndipo mwanawe alale vizuri. Nami ndiye niliyekuwa refa.

Mchezo wenyewe ni mpira wa Kimarekani, ule usio na kuangushana. Kila mchezaji huning'iniza vitambaa kiunoni, na mwenye mpira akinyofolewa kimoja, amesimamishwa. Edmund aliujulia chuo cha ualimu, akarudi na mpira mmoja ambao ziwa zima liliubatiza jina la papai. Marefa wa kandanda walikataa kuamua mambo ya papai. Basi akaamua kunifundisha mimi: jioni, nikitoka kufundisha darasa la watu wazima, alikuwa akinisubiri na maharage ametandaza mkekani, kila punje mchezaji. Mstari huchorwa pale mpira unapoanzia, aliniambia, nao huhama kila jaribio, yaani kila mpira unapoanzishwa upya. Pasi ya mbele ni moja tu, na lazima itupwe mtupaji akiwa hajauvuka mstari ule.

"Usitazame mpira," alisema. "Mpira una macho mengi, kila mtu anautazama. Wewe tazama miguu. Mradi unyayo mmoja umebaki nyuma au juu ya mstari, mwache atupe."

Mwanzoni yeye mwenyewe alichora kwa unga. Kumbe vijana walikuwa wakiuruka. Kwetu unga uliomwagwa chini ni wa kuwaitia waliotangulia, nani aukanyage? Walikuwa wakiruka kwanza, ndipo watupe, na kila pasi ikawa haramu. Edmund alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo mstari ukawa wa makapi ya kahawa, yaliyokuja kwa gunia kutoka Mapera, kule milimani. Lakini siku ile gunia halikuletwa, na nilipofika uwanjani mama alikuwa ameshaanza kuchora kwa mkono wake, akimwita mwanawe kwa kila jaribio. Ningemzuiaje?

Vijana wa Mapera walikuwa mbele kwa pointi moja, na kwetu lilibaki jaribio la mwisho. Washangiliaji wao walitutuma tukaanike usipa, dagaa wa ziwa letu, kabla jua halijazama. Wetu wakawajibu wapande kwao wakachimbe ngolo, mashimo yao ya mahindi, maana papai halioti mlimani. Kikacheka kila kinywa isipokuwa changu na cha mama.

Mansuetus, mdogo wake Edmund, akapokea mpira. Watu wawili walimwandama, akakimbilia mstari, bega lile lile la kaka yake likiwa limeinama kidogo upande. Nikayanyang'anya macho yangu kutoka kwenye bega hilo, nikayashusha chini.

Nikauona mguu wa kulia ukifika kwenye unga. Ukasita. Ukainuka tena, kama wa mtu anayemruka ndugu aliyelala, na wa kushoto ukaufuata. Yote miwili ikatua ng'ambo. Ndipo akatupa.

Nicholaus, mwenzake, akaudaka mpira ndani ya eneo la bao. Vigelegele vikapanda hadi kwenye vichanja vya usipa. Mama alipiga magoti mchangani, mikono yenye unga juu.

Ningeweza kusema nilikuwa nikitazama mpira. Nani angenihukumu? Chozi la mjane halina refa. Lakini nilikuwa nimetazama miguu, nikatupa kitambaa cha njano, alama ya kosa.

Kelele zilikufa moja moja. Mansuetus akaja taratibu.

"Ule unga, shemeji," alisema. "Umemwagwa kwa jina lake. Ningeukanyagaje?"

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Ulivuka kabla ya kutupa, shemeji."

Aliinamisha kichwa. Hakubisha, na kutobisha kwake ndiko kulikonichoma. Nyuma yake mama alikuwa amefika, magoti yake bado yana mchanga.

"Mama Tadea," aliniita kwa jina la mtoto wangu. "Leo?"

"Leo, mama."

"Edmund angesema nini?"

"Angecheka kwanza, mama. Angecheka hadi akae chini. Halafu angetupa kitambaa."

Mama alipangusa viganja kwenye kanga, polepole, kama asiyetaka viishe unga.

Wageni walikuwa wameshinda, lakini hawakuimba. Walipita kwa mama mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama, naye akawaitikia wote. Mansuetus alikwenda kunawa ziwani, akakaa huko ametugeuzia mgongo. Uwanja ukabaki na mimi na mama, na Tadea, niliyemchukua kutoka kwa wifi yangu aliyekuwa akimlea.

Mtoto hana mwezi tangu aanze kutembea. Alikokota mpira kwa mikono yote miwili hadi kwenye mstari, akaingiza unyayo mmoja katikati ya unga. Nikaruka kumdaka.

"Mwache," mama alisema.

Nikasimama. Tadea aliinua papai hadi kidevuni, akapepesuka, akalisukuma mbele kwa nguvu zake zote. Likadunda vibaya, likageukia upande wa ziwa. Niligeuka kumwangalia mama. Hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa ameinama, akitazama miguu.