Nepi ya Wifi Yangu

Kifuniko cha birika kilianza kucheza kabla hakujapambazuka. Nikajaza chupa ya chai, nikakunja gauni safi, nikaenda hospitali kumwona wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ilikuwa siku ya nne. Alilazwa kwa ajili ya kifua. Kibofu chake kilikuwa kizima.

Nikamkuta analia. Yeye, ambaye hata mumewe alipomwacha hakutoa chozi.

"Wifi, usinisogelee. Nanuka."

Walikuwa wamemvalisha nepi. Vyuma vya kitanda vimepandishwa pande zote, kama amefungiwa.

"Nimeita mpaka sauti imekauka," akasema. "Naambiwa, jisaidie humo humo bibi, ndiyo kazi yake."

Damu ikanichemka. Nikamfuata nesi mezani kwake.

"Mwanangu, nani kakwambia wifi yangu hajizuii?"

"Bibi, wodi hii kila aliyevuka sabini anavaa nepi. Tuko wawili, wagonjwa thelathini."

"Mimi nina sabini na tatu. Haya, nivalishe na mimi!"

Akaniinulia uso. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, niliyaona, lakini hasira haikushuka.

"Mtu kaingia humu kwa miguu yake, mnamfundisha kujikojolea! Wiki ijayo hataweza kweli, na mtasema ni uzee."

Mfagiaji aliyekuwa akipiga deki akaacha kazi yake. Bila kuombwa, akashusha vyuma, akapiga magoti, akamvisha wifi ndala, mguu mmoja, kisha wa pili. Mungu amlipe.

Choo kilikuwa hatua ishirini tu. Miguu ya wifi ilitetemeka.

"Kaza mwendo. Mbona mdomo ulikuwa hauchoki?"

"Mdomo bado ninao. Ngoja nimalize haja yangu, utausikia."

Nilisimama mlangoni, na nesi nyuma yangu. Tukasikia mkojo ukishuka chooni.

"Umesikia?" nikamwambia. "Sasa andika."

Akaandika kwenye faili: apelekwe chooni kila baada ya saa tatu. Nikamtaka anisomee kwa sauti, mara mbili.

Saa ya kutoka, nilipita kati ya vitanda. Kila kitanda, vyuma juu. Nikahisi hasira inanipanda upya. Ndipo bibi wa kitanda cha jirani, ambaye sijawahi kumwona na mgeni, akapenyeza mkono akanishika gauni.

"Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi pitia na kwangu, mwenzangu. Mimi pia natembea."