Karatasi za Mifukoni

Kaka yangu hushona vifungo na kukunja pindo. Mimi hupima na kukata. Wateja humwita Bwana Je-Wajua, kwa sababu hajawahi kumkabidhi mtu suruali bila kumpa na jambo la kwenda nalo. Je, wajua kipepeo huonja kwa miguu? Je, wajua twiga ana mifupa saba tu ya shingo, sawa na wewe? Mimi nilikuwa na jibu moja, "Najua," nikiwa sijui lolote, ili anyamaze nikate kitambaa kwa amani.

Yote aliyoyaokota kwa miaka kumi na tisa, redioni, magazetini, kwa watu waliokuja kupunguziwa viuno vya suruali, yalikuwa kwenye daftari moja lenye jalada jekundu. Jumamosi moja nikaloweka koti lake la kazi bila kupekua mifuko. Mimi huyu, ninayemgombeza kila mtu kuhusu mifuko.

Nilipolitoa daftari kwenye beseni, wino wote ulikuwa umehamia kwenye povu. Kaka alilianika dirishani, akafunua kurasa moja moja, kisha akasema, "Si kitu, mdogo wangu." Uongo mtupu. Wiki nzima hakumwambia mteja neno zaidi ya "karibu tena". Nilijuta, nikawa napekua hata mifuko mitupu.

Ijumaa akaja muuguzi kuchukua sare yake. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sare, akautoa mtupu.

"Leo hamna karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Anazoweka kakako, za 'Je, wajua'. Ninazo kopo zima. Nikimfunga mgonjwa kidonda namsomea moja, anasahau kupiga kelele."

Huo mchezo nilimkataza Kaka zamani, wateja wasije wakadhani tunawaachia takataka. Kumbe aliendelea kimyakimya. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nimemshika muuguzi mikono yote miwili.

"Nakuomba, niletee hilo kopo."

Alileta, tena akasambaza habari mtaani. Dereva wa lori akaja na karatasi kumi na moja, mwoka mikate akaja na mbili zenye unga, na mzee mmoja alikuwa na moja tu, ameitunza pamoja na kitambulisho chake. Niliwashukuru wote mpaka wakaanza kunicheka. Kaka alinunua daftari jipya akawa ananakili, akisoma kwa sauti kama mtu anayepokea jamaa zake kituoni.

Jumapili nikapekua kabati langu mwenyewe. Gauni jeusi la siku tuliyomzika mama, ambalo Kaka alilimalizia asubuhi ileile na sikulivaa tena, lilikuwa na karatasi mfukoni. "Je, wajua pweza ana mioyo mitatu? Mdogo wangu ana mmoja, na leo ndio unaotubeba sote."

Nilikaa kitandani nikalia kwa raha zangu.

Jumatatu nikamwekea karatasi hiyo mezani. "Ukishanakili, nirudishie," nikamwambia. "Hii ni yangu. Na asante, Kaka."

Alitunga uzi kwenye sindano kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Je, wajua nyuki ana macho matano?"

Lile jibu langu lilikuwa tayari mdomoni. Nikaweka mkasi chini.

"Sikujua," nikasema. "Yote hayo yamekaa wapi?"